Hatukutoka Iraki: Asili na Mtawanyiko wa Koo za Wairaqw

Kila mwaka wa masomo hunifikia insha moja ya aina ileile. Mwandishi hubadilika, lakini sentensi ya kwanza haibadiliki: asili ya Wairaqw wa Mbulu ni nchi ya Iraki. Safari hii aliyeiandika ni kijana kutoka Hanang, msomaji mzuri mwenye kupanga hoja zake. Nilipomuuliza ameitoa wapi habari hiyo, alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. "Dokta, mbona hili kila mtu analijua? Hata babu yangu nyumbani anasema hivyo."

Sikumlaumu. Nami nilikaririshwa maneno hayohayo nikiwa shule ya msingi, nikayaandika kwenye mtihani na nikapata alama zangu. Nilikuwa mtu mzima, nikiandaa tasnifu ya uzamivu, nilipoanza kujiuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa tangu siku ile: je, wazee walioishi kabla ya shule kufika Mbulu walisimulia hivyo? Jibu la swali hilo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya.

Hoja yangu ni hii. Hadithi ya Iraki si masimulizi ya mababu. Ni kisio la wageni, lililoingia kijijini kwa mlango wa darasa na sasa linasimuliwa kwa sauti ya babu. Na madhara yake hayaishii kwenye kosa la kitaaluma. Katika wilaya za Mbulu na Hanang, ambako ardhi imegombewa kwa mikuki, kwa matrekta na kwa hukumu za mahakama, swali la "ninyi mlitoka wapi?" halijawahi kuwa la kupitishia jioni tu. Anayelijibu vibaya anaweza kujikuta mgeni katika shamba la baba yake.

Jina moja, nchi mbili

Tuanze na ushahidi unaotolewa mara nyingi zaidi, yaani jina. Iraqw na Iraki, wanasema, ni neno moja. Kwa sikio la haraka yanafanana. Lakini mfanano wa majina mawili hauthibitishi chochote mpaka tuonyeshe njia ambayo jina lilisafiri. Hapa njia hiyo haipo. Wanaosimulia hadithi hii huzungumzia safari ya maelfu ya miaka iliyopita kutoka Mesopotamia. Wakazi wa Mesopotamia ya kale walijiita kwa majina mengine: Wasumeri, Waakadi, Wababeli, Waashuru. Jina al-Iraq lilienea katika maandishi ya Kiarabu baadaye sana, na nchi yenye jina hilo, katika mipaka tunayoiona kwenye ramani, iliundwa chini ya Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Ufalme wake ulianza mwaka 1921. Msafiri hawezi kubeba jina ambalo nyumbani kwao halijazaliwa.

Ushahidi wa pili ni lugha, na hapa lazima tuwe waangalifu, kwa sababu ndani yake mna chembe ya ukweli. Kiiraqw kina sauti za kooni ambazo msemaji wa Kiarabu angezitambua. Neno la Kiiraqw la maji ni ma'ay, na Mwarabu husema maa. Mwanafunzi anayeona hivyo kwa mara ya kwanza huruka kwenye kiti. Lakini hata sisi katika Kiswahili tunasema maji, na hakuna aliyewahi kuandika kwamba Wabantu wote walitoka Baghdad. Mwanaisimu halinganishi neno mojamoja. Hulinganisha mamia ya maneno, viambishi na kanuni za mabadiliko ya sauti. Walipofanya hivyo, wataalamu waliiweka lugha hii mahali pake: Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, katika tawi la kusini, pamoja na Kigorowa cha Babati na Kialagwa na Kiburunge cha upande wa Kondoa. Maarten Mous, aliyechapisha sarufi kamili ya Kiiraqw mwaka 1993, hakuhitaji kwenda Mesopotamia kutafuta ndugu za lugha hii. Ndugu wa karibu wako umbali wa siku chache kwa miguu.

Ni kweli kwamba lugha za Kikushi na Kiarabu ziko katika familia moja kubwa iitwayo Kiafro-Asia. Lakini familia hiyo inajumuisha pia Kisomali, Kioromo, Kiamhari, Kihausa na Kimisri cha mafarao. Kusema kwamba Mwiraqw ametoka Iraki kwa kuwa lugha yake ina undugu wa mbali na Kiarabu ni sawa na kumwambia Mhausa wa Kano kwamba babu yake alizaliwa Basra.

Basi hadithi hii ilitoka wapi? Mwanaanthropolojia wa Norway, Ole Bjørn Rekdal, aliifuatilia kwa subira na kuchapisha matokeo yake mwaka 1998. Alionyesha jinsi dhana iliyoanza kama kisio la waandishi kutoka nje ilivyogeuka kuwa kisasili: ikaandikwa, ikafundishwa, kisha ikasimuliwa na wananchi wenyewe kama urithi wao. Mtafiti anayekuja leo na kinasa sauti huikuta kwa wazee, huirekodi kama simulizi ya jadi, huichapisha, na kitabu chake kinakuwa ushahidi mpya wa dhana ileile. Maji yanazunguka kwenye mtungi mmoja, nasi tunadhani tumeona chemchemi.

Tusisahau pia hali ya hewa ya kifikra ya zama zile. Mwaka 1930 Mwingereza C. G. Seligman alichapisha kitabu kuhusu jamii za Afrika, akidai kwamba ustaarabu wa bara hili uliletwa na "Wahamiti", watu aliowahesabu kuwa wa jamii ya Wazungu. Kwa kipimo hicho, kila jamii ya Kiafrika iliyojenga matuta, iliyotunza mbolea, au iliyokuwa na pua nyembamba, ilitafutiwa babu ng'ambo ya bahari. Wairaqw walikuwa na vyote vitatu. Wakapewa babu.

Mifupa ya Luxmanda

Msomaji makini ataniuliza: je, sayansi ya vinasaba haijasema kitu? Imesema, na mwanahistoria mwaminifu hafichi ushahidi unaomsumbua.

Luxmanda ni mahali katika Wilaya ya Babati, kwenye nyanda za juu za Mbulu. Hapo wanaakiolojia walichimbua makazi ya wafugaji wa kale: vyungu, zana za mawe, mifupa ya ng'ombe, kondoo na mbuzi. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya mtu mmoja aliyezikwa hapo takriban miaka 3,100 iliyopita. Ilionekana kwamba kiasi cha asilimia 38 ya nasaba yake kinahusiana na wakulima wa mwanzo wa Levanti, yaani ukanda wa Palestina, Yordani, Lebanoni na Syria ya leo.

Wapenzi wa hadithi ya Iraki wakisikia hivyo hushangilia. Wangoje kidogo. Kwanza, Levanti si Mesopotamia. Pili, watu wa nasaba hiyo hawakupanda kipando huko na kushukia Mbulu. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba mchanganyiko ulitokea kwa hatua: kwanza kaskazini-mashariki mwa Afrika, ambako watu wenye nasaba ya Levanti walichanganyika na watu wa maeneo ya Sudani, kisha vizazi vyao wakashuka kusini na mifugo yao na kuchanganyika na wawindaji waliowakuta. Kufikia siku ya mazishi ya Luxmanda, hao walikuwa Waafrika kwa nasaba, kwa malezi na kwa makaburi. Tatu, nasaba hiyo haiko kwa Wairaqw peke yao. Imesambaa kwa viwango mbalimbali katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, zikiwamo ambazo hakuna aliyewahi kuziambia zirudi Asia.

Kile ambacho Luxmanda inatufundisha ni kikubwa kuliko Iraki. Inatuambia kwamba ng'ombe walilishwa katika nyanda hizi karne nyingi kabla Roma haijawa mji. Mtu anayetafuta fahari katika historia ya Mbulu na Hanang ameikanyaga tayari. Haina haja ya pasipoti.

Kutoka Ma'angwatay hadi Irqwar Da'aw

Tukiiweka kando hadithi ya shuleni, tunasikia simulizi nyingine, na hii inatamka majina ya mahali tunapoweza kupafikia. Wazee husimulia kwamba watu waliishi Ma'angwatay, mahali panapodhaniwa kuwa upande wa Kondoa, chini ya kiongozi aliyeitwa Haymu Tipe. Vijana walikuwa wengi, wenye nguvu na kiburi, nao walitaka vita. Wakamteka mwana pekee wa kiongozi wao, Gemakw, ili kumlazimisha baba awatafutie adui wa kupigana naye. Haymu Tipe akawaletea Wadatoga. Vita ilipigwa, vijana wakafa kwa wingi, na waliosalia wakakimbia na mzee wao kuelekea kaskazini. Gemakw alifia njiani. Kundi likafika Guser Twalay, likaongezeka, ardhi ikawabana, nao wakaendelea hadi kwenye vilima vya Irqwar Da'aw, eneo la Kainam na Muray, kusini-mashariki mwa mji wa Mbulu wa leo.

Tazama jinsi simulizi hii isivyofanana na ile ya Iraki. Haina dola iliyoporomoka wala damu ya kifalme. Ina mzee aliyeshindwa kuwazuia vijana wake, mtoto aliyekufa njiani, na watu waliojifunza kwa gharama kubwa kwamba vita ya majivuno haina mshindi. Ni historia inayowalaumu waliosimuliana wenyewe. Jamii haijitungii aibu bila sababu, na kwangu hiyo ni dalili ya masimulizi yenye mizizi.

Irqwar Da'aw ndiko Wairaqw walikojipatia sifa ya ukulima. Walichimba nyumba zao ubavuni mwa vilima, zikaonekana kwa shida kwa mbali. Walilaza ng'ombe ndani, wakakusanya samadi na kuipeleka shambani. Walilima mabonde kwa kuyatoa maji na miteremko kwa kuukinga udongo. Kwa muda mrefu waandishi walieleza bidii hiyo kwa neno moja: kuzingirwa. Ilisemwa kwamba Wamasai kaskazini na Wadatoga kusini waliwafungia Wairaqw kilimani, nao wakalazimika kulima kwa ustadi ili wasife njaa. Lowe Börjeson, katika utafiti wake wa mwaka 2004, aliipinga picha hiyo. Alionyesha kwamba kilimo kile kilijengwa kidogo kidogo, msimu baada ya msimu, na familia zilizowekeza kazi yao katika ardhi kwa sababu ziliona faida yake. Tofauti hii si ndogo. Katika maelezo ya kwanza adui ndiye mtunzi wa ustaarabu wa Mwiraqw. Katika ya pili, mtunzi ni Mwiraqw na jembe lake.

Ukoo wenye milango mingi

Sasa tuingie kwenye koo zenyewe. Wairaqw hufuata ukoo wa baba, tlahay, na mtu haoi ndani ya ukoo wake. Mgeni anayetazama kwa mbali hudhani kwamba koo hizi ni matawi ya mti mmoja, wote wana wa babu mmoja. Keti na wazee uwaulize kila ukoo ulikotoka, na mti huo unageuka kuwa mto wenye vijito vingi. Wapo wanaosema babu yao alikuwa Mdatoga aliyebaki. Wapo wanaotaja Wamasai. Wapo wanaotaja majirani Wabantu wa upande wa Iramba na Ihanzu. Wapo wanaojiunganisha na Wagorowa na Waalagwa. Njaa, ndoa, vita, ulezi wa yatima, deni la ng'ombe: kila kimojawapo kimewahi kumfanya mtu wa nje kuwa baba wa ukoo wa ndani.

Hata mambo matakatifu zaidi hayakufungiwa ndani. Mtaalamu wa ibada na dawa za nchi, qwaslarmo, alikuwa na heshima kubwa, lakini mvua ilipokataa, Wairaqw walitembea hadi Ihanzu kuwatafuta waganga wa mvua wa jirani zao Wabantu. Hawakuona aibu. Waliamini kwamba nguvu inaweza kukaa kwa mtu wa lugha nyingine.

Kilichowafanya watu hawa kuwa jamii moja kilikuwa ardhi zaidi kuliko damu. Eneo la makazi liliitwa aya, neno lisilohusiana na aya ya kitabu. Kila aya ilikuwa na mipaka yake, wazee wake, na msemaji wake aliyeitwa kahamusmo. Mpaka ulilindwa kwa ibada, masay, iliyowakusanya wakazi bila kuwauliza babu wa nani alifika lini. Aliyeishi ndani ya mpaka, akashiriki kazi na ibada, akatii maamuzi ya wazee, alikuwa mtu wa aya hiyo. Wairaqw hawakuwa na mfalme. Machifu waliletwa na utawala wa kikoloni. Kwa hiyo hawakuhitaji nasaba ya kifalme ya kuwaeleza wao ni nani.

Naomba wanafunzi wa sheria na sayansi ya siasa wasimame hapa kidogo. Tunafundishwa kwamba uraia unaojengwa juu ya makazi na wajibu, badala ya damu, ni wazo tulilolipata Ulaya. Wazee wa Kainam walikuwa wakilitekeleza bila kulipa jina hilo.

Kushuka kutoka kilimani

Mtawanyiko mkubwa wa koo za Wairaqw ni wa juzi, kwa kipimo cha historia. Katika karne ya 19 Wamasai waliwasukuma Wadatoga kutoka nyanda za Ngorongoro, na Wadatoga wakajikusanya zaidi kusini, kuuzunguka mlima Hanang. Maneno yenyewe yanabeba kumbukumbu ya uhasama ule: "Wamang'ati", jina ambalo Waswahili wengi waliwaitia Wadatoga, linatokana na neno la Kimasai lenye maana ya adui. Kisha miaka ya 1890 ikaja na sotoka iliyofyeka ng'ombe, pamoja na ndui na njaa. Nguvu za wafugaji zikapungua. Wajerumani wakaingia na bunduki na maboma yao, wakavunja uwezo wa kijeshi wa kila upande.

Hapo ndipo mlango wa kilima ulipofunguka. Familia za Irqwar Da'aw zilianza kushuka: kaskazini kuelekea Karatu, magharibi na kusini kuelekea Dongobesh na tambarare za Hanang. Waingereza walipochukua utawala waliendeleza mwendo huo kwa kufyeka vichaka vya mbung'o na kuhimiza watu kuhama kutoka kilimani kulikojaa. Jembe la kukokotwa na ng'ombe, na baadaye trekta, vikageuza malisho kuwa mashamba. Utaratibu ulikuwa uleule wa kale: watu wa koo mbalimbali walifika, wakafungua aya mpya, wakaweka mipaka. Halafu serikali huru nayo ikahamisha watu kwa amri, katika Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 hadi 1976, na watu wakapangwa kwenye mistari ya nyumba bila kujali aya ya nani iliishia wapi.

Lakini tusidanganyane. Tambarare hazikuwa tupu. Kila hatua ya Mwiraqw kusini ilikuwa hatua ndani ya malisho ya Mdatoga, hasa Wabarabaig wa Hanang. Na wote wawili, katika bonde la Yaeda, waliwakuta Wahadzabe, wawindaji wenye lugha isiyo na ndugu wa hakika duniani. Historia ya mtawanyiko wa Wairaqw ikiandikwa kama ushindi tu, itakuwa imeandikwa na upande mmoja. Wako Wadatoga wanaohesabu miaka hiyohiyo kwa majina ya visima na malisho waliyoyapoteza.

Nani mwenyeji?

Ndipo likaja trekta kubwa kuliko yote. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma la NAFCO lilianzisha mashamba ya ngano katika tambarare za Basotu. Yalipokamilika yalikuwa mashamba saba, jumla ya takriban ekari 100,000. Ardhi ile ilikuwa malisho bora ya Wabarabaig. Humo mlikuwa na bung'eda, vilima vya makaburi ya wazee wao wenye heshima, na baadhi vilipitiwa na majembe ya trekta.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa haki. NAFCO ikakata rufani, na Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile, katika uamuzi ulioingia kwenye ripoti za sheria za mwaka 1985. Miongoni mwa sababu zake ni hii ninayotaka kila mwanafunzi wangu aisome mara mbili: haikuthibitishwa kwamba wanakijiji wote waliokuwa wakiikalia ardhi ile walikuwa wenyeji kwa tafsiri ya sheria. Sheria ya ardhi iliyotumika ilikuwa ya mwaka 1923, ya kikoloni, na mwenyeji kwa tafsiri yake alikuwa Mwafrika asiye na asili ya Ulaya wala ya Asia.

Asili ya Asia. Sasa rudi kwenye insha ya mwanafunzi wangu. Iraki iko bara gani? Sentensi ambayo tumewakaririsha watoto kwa kujivunia ingeweza, mbele ya wakili wa upande wa pili na chini ya sheria ile, kuwa maelezo ya mshtakiwa dhidi ya nafsi yake.

Wapo watakaosema ninakuza jambo. Nawaelekeza kwa jirani. Nchini Rwanda wakoloni na wamisionari walifundisha kwamba Watutsi ni Wahamiti kutoka Ethiopia. Kwa miaka mingi hadithi hiyo ilikuwa sifa, na wako Watutsi walioifurahia. Novemba 1992, mwanasiasa Léon Mugesera alisimama Kabaya na kutamka kwamba watarudishwa Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994 maiti zilishuka na mto Kagera hadi Ziwa Victoria. Sisemi kwamba Mbulu ni Rwanda. Ninasema kwamba hadithi ya kumpa jirani asili ya mbali ni kama panga lililochomekwa paani: leo ni pambo, na anayelichomoa kesho si lazima awe yule aliyelichomeka.

Hata hivyo nisingependa msomaji wa Kiiraqw aondoke hapa akiwa na silaha mpya, akaichukua mifupa ya Luxmanda na kumwambia Mdatoga, "Sisi tulikuwepo miaka 3,000, wewe umefika jana." Hilo lingekuwa kosa lilelile likiwa limegeuzwa. Aliyezikwa Luxmanda hakuacha wosia wa ukoo. Nasaba yake imo kwa wengi. Na kama ukale ungekuwa hati ya ardhi, sote tungesimama nyuma ya Wahadzabe tukiwa tumevua kofia.

Njia iliyo bora tunayo tayari. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua haki ya kimila ya watu na vikundi vinavyoitumia ardhi. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, walikabidhiwa hati ya kimila ya pamoja kwa zaidi ya hekta 20,000. Hawakutakiwa kutaja nchi ya babu wa kwanza. Walionyesha wanavyoishi humo: mizinga, mizizi, njia za wanyama, vyanzo vya maji. Huo ndio ushahidi ninaouheshimu, na ndio uliokuwa ukiheshimiwa na aya za zamani.

Kwa watumishi wa halmashauri wanaosoma hapa, ombi langu ni fupi. Mgogoro wa mpaka ukifika mezani kwenu, msianze kwa kuuliza nani alitangulia. Ulizeni nani analima wapi, nani ananywesha wapi, nani amezikwa wapi, na ni makubaliano gani wazee wa pande zote walikwisha kuyafanya kabla faili halijafunguliwa. Kwa walimu wa historia: mkiitaja Iraki darasani, itajeni kama dhana yenye tarehe ya kuzaliwa, na muwaeleze watoto iliingiaje.

Na yule kijana? Nilimrudishia insha bila alama, nikamwagiza akafanye jambo moja wakati wa likizo: amuulize babu yake si kile anachojua, bali kile alichokisikia kwa baba yake. Alirudi muhula uliofuata na daftari lililojaa. Babu alikuwa amenyamaza kwa muda, akasema kwamba habari za Iraki alizipata kwa watoto wake walipoanza kusoma. Kwa baba yake yeye alisikia habari za Ma'angwatay, na za bibi mmoja Mdatoga aliyeolewa wakati wa njaa, ambaye kwa uzao wake nusu ya ukoo wao ipo.

Kijana hakuwa amewahi kusikia habari za bibi huyo. Insha yake mpya inaanza naye.